Nilikwama Kwenye Mkao wa Plau, Nje Wakasifu Pumzi Zangu

Mama mdogo wa mume wangu alikuwa amesimama nje ya mlango wa stoo, anawaambia watu hajawahi kusikia pumzi safi kama zangu.

Mimi ndani nilikuwa nalia.

Nilikuwa chali sakafuni, miguu imepita juu ya kichwa, vidole vimenasa chini ya rafu ya chuma, na chupa kubwa ya achari imesogea mpaka ukingoni, usawa wa uso wangu.

Pembeni, mahali ambapo mkono wangu haukufika, kulikuwa na vitabu vinne ambavyo nyumba nzima ilijua viliuzwa zamani kwa mnunuzi wa magazeti ya kale.

Wakivunja mlango, vitabu vinaonekana. Wasipovunja, sitoki.

Ngoja nianzie mbali kidogo ili unielewe.

Naitwa Ketaki. Nimeolewa mji wa Sangli, mtaa wa nyuma ya soko la manjano, ambako hata ufue nguo mara mbili zinakauka na harufu ya manjano. Mume wangu, Shirish, ana duka la vipuri vya pampu za maji. Nyumba ni ya mama yake, ambaye sote tunamwita Aai, yaani mama.

Siku ya tatu baada ya harusi Aai alinizungusha nyumba nzima, akanionyesha mitungi, akanionyesha madebe, kisha akanipa sheria. Kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mtu aliye kwenye mkao wa yoga haguswi, haitwi, wala mlango wake haugongwi. Nikaambiwa ni sheria ya ukoo, imetoka kwa babu wa babu.

Sikuitilia maanani. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina shahada yangu, na nilikuwa na ndoto ya kazi ya ukarani serikalini.

Basi nikaanza maisha. Chai ya kwanza, chai ya pili, mikate ya mtama, chakula cha Shirish cha dukani, vyombo, chai ya wageni. Ketaki, soksi ziko wapi. Ketaki, maji ya kuoga. Nikiingia bafuni, hazipiti dakika mbili mtu anagonga kuuliza chumvi niliiweka wapi.

Nilikuwa nimezungukwa na watu wanaonipenda, na sina pa kupumulia.

Nilifanya mtihani wa ukarani mara ya kwanza, nikaukosa kwa alama sita. Mara ya pili nikaukosa kwa alama mbili. Shirish akasema sasa basi, nyumba haiendeshwi kwa mitihani. Si mtu mbaya, hilo naomba mlielewe. Ni mtu aliyezoea kukuta chai mezani.

Wiki ile ile nilirudi kutoka sokoni nikamkuta mnunuzi wa magazeti ya kale yuko mlangoni na mizani yake. Juu ya mizani kulikuwa na vitabu vyangu vyote. Aai alikuwa anabishana naye bei ya kilo.

Nilisubiri mzee aondoke, nikamfuata kwa mlango wa nyuma mpaka mwisho wa mtaa, nikanunua vinne kwa bei ya kilo, nikavifunga kwenye mtandio na kuvirudisha ndani kama mwizi. Mtu kuiba vitu vyake mwenyewe, sijui kama uliwahi kulisikia hilo.

Lakini utavisomea wapi?

Hapo ndipo nilipoikumbuka sheria ya babu wa babu.

Kesho yake nikamwambia Aai mgongo unanisumbua, nataka kuanza yoga kila siku, saa kumi mpaka saa kumi na moja alasiri, tumbo likiwa tupu. Na kwa sababu nyumba ina kelele, nitaifanyia stoo. Aai alinitazama kitambo, akasema sawa, kisha akawatangazia wote.

Stoo yenyewe ilikuwa ndogo, upana wake mkeka mmoja. Pipa la mchele, magunia mawili, rafu ya chuma ya achari na madebe. Mlango wa mbao ulikuwa umepinda tangu mwaka maji ya mto yalipoingia ndani, lakini komeo la ndani lilikuwa linashika.

Nilikuwa na mpangilio wangu. Dakika mbili za kwanza nahema kwa kasi kwa pua, fu fu fu fu, kama mtu anayepuliza jiko lililogoma. Hiyo ilikuwa zawadi ya walioko nje. Halafu natoa vitabu nyuma ya pipa. Nikisikia nyayo, nafunga mdomo na kuvuma pumzi ya nyuki, mmmmm, ile ya kutuliza akili, huku macho yangu yanaendelea na hesabu za asilimia. Ikafika mahali siwezi kupiga hesabu bila kuvuma.

Yoga yenyewe? Hata kugusa vidole vya miguu nilikuwa siwezi.

Mara mbili usingizi ulinipitia juu ya kitabu, na mara zote mbili bahati ikawa upande wangu: sufuria likaanguka jikoni saa kumi na moja kasoro, nikaamka, nikaficha vitu, nikatoka na uso wa mtu aliyetulia.

Karibu miaka miwili nikaishi hivyo. Nikajaza fomu ya mtihani kimyakimya. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho; baada ya hapo umri haukuruhusu tena. Karatasi ya kuingilia mtihanini ilipofika, niliificha ndani ya kitabu cha hesabu. Zilibaki siku tisa.

Ndipo akaja mama mdogo kutoka Satara.

Huyu ni mdogo wake Aai. Miaka sitini na moja, mgongo umenyooka, anafundisha wanawake yoga mtaani kwao tangu mimi sijazaliwa. Alipoingia tu, kabla hajavua viatu, alinishika mkono akasema Aai amemwandikia kuhusu mimi. Mkwe asiyekosa siku hata moja. Kesho asubuhi, akasema, atanitazama kuanzia salamu ya jua mpaka mkao wa plau, kisha tutamaliza pamoja kwa mkao wa maiti.

Huo wa maiti, wa kulala tu chali, peke yake ndio niliouweza.

Nilijua kimenuka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikionekana siwezi hata kuinama, wataniuliza: saa nzima kila siku, karibu miaka miwili, ulikuwa unafanya nini humo? Na stoo itafunguliwa.

Alasiri ile nikaingia stoo mapema kidogo. Nikafanya fu fu fu yangu. Nikatoa vitabu kama kawaida, halafu badala ya kusoma nikafungua simu, nikazima sauti, nikamtafuta mtu anayefundisha mkao wa plau. Nikampata kijana mmoja wa mwili laini kama tambi. Analala chali, ananyanyua miguu, anaipitisha juu ya kichwa, vidole vinagusa sakafu nyuma. Anatabasamu.

Leo ni leo, nikasema moyoni.

Nikalala. Nikajirusha mara ya kwanza, nikaanguka. Mara ya pili nikajirusha kwa hasira.

Miguu ikaenda. Ikapita kichwa, ikaenda mbali kuliko nilivyotarajia, vidole vikaingia chini ya chuma cha chini cha rafu, na chuma kikashika mifupa ya juu ya nyayo. Wakati huo huo mgongo ukakaza, pale kiunoni, kama kuna mtu ameushika na hataki kuuachia.

Nikavuta miguu. Rafu ikayumba. Juu yangu nikasikia kioo kinateleza kwenye chuma.

Nikatazama. Chupa ya achari ya maembe ya mwaka mzima, aliyoitengeneza Aai kwa mikono yake, ilikuwa imefika ukingoni.

Nikaacha kuvuta.

Nikataka kuita. Sasa, wewe ambaye hujawahi kukunjwa hivyo hujui: kidevu kinabanwa kifuani, koo linajikunja, sauti haina pa kupita. Nilifungua mdomo, hakuna kilichotoka. Nikasukuma hewa kwa pua kwa nguvu zangu zote.

Mmmmmmmm.

Nje nikasikia nyayo zinasimama.

"Sikilizeni hiyo pumzi ya nyuki," mama mdogo akasema kwa sauti ya chini. "Inatokea tumboni kabisa. Mimi mwenyewe ilinichukua miaka saba."

Nikavuma tena, kwa uchungu. Nikasikia anavuta kiti na kukaa.

Sijui kama naweza kukueleza hofu ile. Damu yote ilikuwa kichwani. Machozi hayatelemki mashavuni, yanaingia kwenye nywele. Kila nikipumua, magoti yanaukaribia uso na nafasi inapungua. Stoo niliyokuwa naipenda, sehemu pekee ya nyumba ile ambayo hakuna aliyeniita humo, ilikuwa imenifunga kama mfuko. Na ufunguo nilikuwa nimewapa mimi mwenyewe: msiniguse, msiniite, msigonge.

Na vitabu vile vinne, vimefunguka. Karatasi ya mtihani imechomoza, ina picha yangu.

Nikajaribu kuvivuta kwa vidole vya mkono. Havikufika.

Saa kumi na moja ikapita. Nikamsikia Shirish amerudi mapema kwa ajili ya mgeni, anauliza chai. Mama mdogo akamwambia mkewe bado yuko ndani. Shirish akasubiri. Akauliza tena. Baadaye nikamsikia amesogea mlangoni.

"Ketaki?"

Mmmm.

"Hajawahi kuzidisha saa moja," Shirish akasema. Sauti yake ilikuwa na wasiwasi wa kweli, na hilo liliniumiza zaidi. "Mama mdogo, kuna kitu. Mimi nauvunja huu mlango."

Nikafumba macho. Nikawaza basi, imekwisha. Siku tisa kabla. Nikaona mizani ya mzee wa magazeti, nikajiona na miaka sitini bado natafuta soksi za watu.

Halafu nikamsikia Aai. Alikuwa ametoka jikoni.

"Hakuna wa kuvunja mlango wa baba yako," akasema taratibu. "Mtu aliye kwenye mkao haguswi. Mpeleke mama yako mdogo hekalu la Ganpati, ibada ya jioni itawapita. Chai mtakunywa njiani."

"Lakini mama..."

"Nenda."

Viatu. Geti. Pikipiki. Kimya.

Nikajua nimebaki na Aai peke yake, na nikaogopa kuliko mwanzo, kwa sababu Aai ndiye aliyeviuza vitabu.

Kwenye ufa wa mlango ukapenya mwiko bapa wa chuma, ule wa kugeuzia mikate. Ukapanda, ukanyanyua komeo. Haukupapasa hata kidogo. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili, ya mkono unaojua.

Mlango ukafunguka. Aai akaingia, akaufunga nyuma yake, akashusha komeo.

Akanitazama. Akavitazama vitabu.

Nikasubiri kelele.

Akainama kwa shida, mkono mmoja gotini, akaanza kuokota. Kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Akachomoa ile karatasi, akaisogeza mbali na macho yake aisome, akairudisha mahali pake. Akavifunga kwenye mtandio wangu na kuvitia nyuma ya pipa la mchele, sehemu ile ile ninapoviweka mimi, bila kuuliza.

Mimi bado nimekunjwa.

Kisha akaitoa chupa ya achari, akaikagua haina ufa, akaiweka chini. Mwisho kabisa akaingiza bega chini ya rafu, akainyanyua, miguu yangu ikatoka. Akanilaza pole pole ubavu, akaniwekea kiganja kiunoni na kukandamiza, mpaka mgongo ukaachia.

Nililia kwa sauti sasa. Koo lilikuwa limefunguka.

"Usimalize machozi," Aai akasema. "Mtihani ni Jumapili ya wiki ijayo, siyo?"

Nikamuuliza amejua lini.

"Mtu anayepumua hageuzi kurasa," akajibu. "Na masufuria ya nyumba hii hayaanguki yenyewe. Nilifungua, nikakuta umelalia kitabu. Nikafunga, nikaenda jikoni nikaangusha."

Nilikaa, nikaegemea gunia. Swali lilikuwa limenikaa kifuani karibu miaka miwili, likatoka lenyewe. "Kwa nini uliviuza, Aai?"

Hakulikwepa.

"Kwa sababu nilitaka chai yangu ije kwa wakati. Sina sababu nyingine. Nikipata nzuri zaidi nitakuambia."

Akapeleka mkono nyuma ya pipa, mbali zaidi ya vitabu, akatoa kikopo cha bati kilichoota kutu ambacho mimi sikuwahi kukiona. Akakifungua. Kilikuwa kitupu.

"Nilipoolewa humu nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema. "Tulikuwa watu kumi na mmoja. Mkwe anakula wa mwisho. Ukifika wewe, sufuria limekwanguliwa. Nilipopata mimba ya Shirish njaa ilikuwa inaniuma mpaka nasikia kizunguzungu. Nikamwambia mama mkwe wangu nimeota babu wa ukoo, ameniamuru nivute pumzi kila siku, na mtu asiniguse. Nikaingia humu. Fu fu fu, kama wewe. Halafu nakula karanga na sukari guru kutoka kwenye kikopo hiki, nikilia na kutafuna."

Nilimtazama.

"Kwa hiyo ile sheria ya babu wa babu..."

"Babu wa babu ni mimi," akasema Aai.

Kesho yake asubuhi mama mdogo alitandika mikeka miwili. Aai akamwambia jana nilikaa kwenye mkao wa plau saa moja na nusu bila kuyumba, kwa hiyo mwili wangu unatakiwa upumzike siku tisa. Mama mdogo akaniunganishia viganja na kuinamisha kichwa. Niliona aibu ambayo mpaka leo bado naiona.

Jumapili ya mtihani Aai alimwambia Shirish tunakwenda kambi ya siku moja ya pumzi, mji wa jirani. Alikaa nje ya geti la kituo cha mtihani saa tatu nzima juani, na mwavuli. Ndani, msimamizi alinijia mara mbili kuniomba niache kuvuma.

Nilifaulu.

Barua ilipofika, Shirish aliisoma akiwa amesimama. Akauliza nilisoma lini.

"Alipokuwa anapumua," Aai akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Siku mbili hakuzungumza nami. Siku ya tatu nikasikia amewaambia watu dukani mkewe ni mtu wa serikali. Chai siku hizi anajipikia, inatoka nyeusi, anainywa.

Sasa ni mwaka wa tatu niko kazini. Natoka saa tatu asubuhi, narudi jioni. Na kuna jambo limeanza nyumbani. Kila siku saa kumi alasiri Aai, na miaka yake sitini na minane, anaingia stoo na kushusha komeo. Wanasikia fu fu fu, kisha kimya. Shirish alinipigia simu kuuliza mama yake anafanya nini mle ndani kila siku. Nikamwambia yuko kwenye mkao, asimguse.

Mimi mwenyewe sijui anafanya nini. Hakuna anayemnyima chakula siku hizi. Siulizi, na ule mwiko sijaugusa.

Ila kila Jumamosi najaza karanga na sukari guru kwenye kile kikopo, nakirudisha nyuma ya pipa. Jumamosi inayofuata nakikuta kitupu.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu anaweza kupendwa na nyumba nzima na bado akakosa hewa. Kila mmoja wenu hapo kwenu ana haki ya mlango mmoja na saa moja. Ukiukuta umefungwa, usiwe na haraka ya kugonga, na kama ni wewe uliyemfanya mtu ajifungie, angalau mjazie kikopo.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umejifungia chooni, huku nje wanauliza chumvi iko wapi, soma taratibu. Ukisikia nyayo, vuma.